Mhariri, iliyoanguka kwetu ilikuwa theluji, barafu ilikuja kesho yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi mtanisamehe, mkitaka kukata kateni yale ya mke wangu, maana yeye ndiye kasema niandike halafu kakaa pembeni ananiambia cha kuandika.

Mimi naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, lile lililopakana na Kanada. Niko huku tangu 2010, nabeba boksi kama wenzangu, na boksi langu mimi ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila siku kabla sijaingia zamu. Sasa majuzi mkaweka picha ya mji mmoja wa Ulaya umekuwa mweupe wote, watoto wanateleza kilimani, chini yake mkaandika barafu imeanguka na wananchi wanaifurahia. Picha nzuri sana. Ila jamani ile haikuwa barafu, ile ni theluji. Na kabla hamjasema huyu mbeba boksi naye anataka kutufundisha Kiswahili, nisikilizeni kwanza, maana wiki hiyohiyo theluji ya kwanza ya msimu ilitushukia na sisi, na mwaka huu nyumbani tuna mgeni.

Mgeni mwenyewe ni mama yangu mzazi. Kazaliwa Marangu, kakulia Marangu, kaolewa Marangu hukohuko, na miaka yake yote sabini na nne akitoka nje asubuhi kama mawingu hayajashuka anaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ile pale juu na weupe wake. Wanangu wanamwita Bibi na mimi siku hizi najikuta nami namwita Bibi. Kafika Septemba kwa viza ya matembezi, ya miezi sita, na tangu siku ya kwanza tunamwambia Bibi ngoja utaona theluji, anatujibu theluji naijua kabla yenu, tena mimi niliiona ikiwa nyingi. Na hapo kasema kweli tupu, wataalamu waliopima walisema asilimia 85 ya barafu iliyokuwa kule juu mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufikia 2007. Yeye hana habari na asilimia, anasema tu zamani mlima ulivaa kanzu, siku hizi umebaki na kofia, tena kofia yenyewe ya mtoto.

Lakini kuishika hakuwahi. Watu hawalijui hili, wanadhani mtu wa Marangu theluji ni jirani yake. Wanaopanda ni wazungu na vijana wanaobeba mizigo yao, mama wa kijijini ana ng'ombe wa kukatia majani, atapanda kwenda kufanya nini.

Basi Novemba ikaingia. Saa zikarudishwa nyuma kama kawaida yao, giza likaanza kuingia mapema, huku Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, Bibi akawa anauliza mbona siku za huku ni fupi hivi nani anazikata. Wanangu watatu kila usiku wanachungulia utabiri kwenye simu ya mama yao. Wa kati ana miaka tisa, mbishi, Oktoba mwishoni zilipita chembe chembe za kuruka hewani kama pamba ya msufi akapiga kelele ndiyo hiyo! dada yake akamwambia hiyo haihesabiwi, na kweli haihesabiwi, wale wapimaji wa hali ya hewa huku hawaandiki theluji ya kupimika mpaka ifike angalau sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani kama milimita mbili na nusu, chini ya hapo wanaandika tu kwamba zilionekana dalili. Kijana kasusa siku nzima.

Ile yenyewe ikaja usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Mimi nilitoka zamu saa tano usiku ndio inaanza, nikaendesha taratibu, nikafika, nikalala bila kumwamsha mtu. Saa kumi na moja alfajiri nashtuka. Sio kwa kelele, kwa ukimya. Theluji mbichi inameza sauti, ile barabara yetu ambayo magari hayaishi ikawa kama imefungwa blanketi, husikii tairi wala honi wala ndege ya kuelekea uwanjani. Nikaenda sebuleni nikamkuta Bibi kasimama dirishani, kajitanda kitenge juu ya sweta mbili, taa hajawasha. Nje kumekucha kabla hakujakucha, maana weupe unarudisha mwanga wa taa za barabarani mpaka mawinguni na mawingu yanaurudisha chini, kunakuwa na rangi fulani ya chungwa la kufifia ambayo siwezi kuieleza.

Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Kanyamaza kidogo halafu kasema, "Sasa hii imenifuata mpaka mlangoni."

Nikamletea mabuti ya mke wangu na koti langu, mzula mpaka machoni, glavu kazikataa kasema mimi siendi kushika kitu kwa soksi. Tukatoka wawili kabla watoto hawajaamka, na nikiri nilitaka niwe peke yangu naye pale, watoto wangeharibu. Kainama kachota kwa kiganja. Kainusa! Mimi miaka yote hii huku sijawahi kuinusa theluji. Kaimimina kwenye mkono wa pili kama mtu anayepima unga sokoni. Kasema ni kama unga wa muhogo, mwepesi hivyohivyo, ila unga wa muhogo ukiushika unabaki, huu unakufia mkononi. Halafu kacheka, kasema na wazee wetu waliosema ni fedha hawakuwa wajinga. Maana kwetu husimuliwa kwamba zamani mangi mmoja, mtawala wa Wachaga, alituma watu wapande wakalete ile fedha inayong'aa kule juu, wakaijaza kwenye vyombo, kufika chini wakakuta maji. Mimi hadithi hiyo nimeisikia utotoni nikiwa nasinzia, siku ile ndio nimeielewa.

Baada ya hapo utulivu ukaisha. Watoto waliamka wote kwa mpigo, mdogo wa miaka minne katoka na pajama na buti moja karudishwa, na mnaojua mnajua, kumvalisha mtoto nguo za theluji ni kazi ya nusu saa, suruali ya ovaroli, koti, soksi mbili mbili, glavu ambazo kidole gumba hakipatikani, ukimaliza anasema anataka kukojoa. Jirani yetu mzee wa Kinorwe akampungia Bibi mkono kutoka kwenye baraza yake, Bibi akampungia, hawasikilizani hata neno moja ila wote wawili Walutheri, na Minnesota Walutheri ni wengi.

Watoto wakajenga mtu wa theluji. Ya kwanza ya msimu mara nyingi inakataa kushikana, ikiwa kavu sana inamwagika kama mchanga, ila siku ile joto lilikuwa karibu na sifuri kwa hiyo ilikuwa na unyevu wake, ikafinyangika. Ikaja zamu ya pua, wa kati akakimbilia karoti kwenye friji, Bibi kamzuia mlangoni. Karoti nzima? Ya kuchomeka kwenye maji? Akawapa gunzi. Basi mtu wetu wa theluji mwaka huu ana pua ya gunzi na kafungwa kanga kiunoni, watu wanapita wanapiga picha.

Sasa tunakuja kwenye ugomvi, ndio niliotaka kuueleza.

Tumekaa mezani, Bibi kapika mtori, ndizi mbichi huku tunazipata kwenye maduka ya Wameksiko, nikafungua gazeti lenu nikawasomea ile picha yenu ya barafu. Bibi akaweka kijiko chini. Barafu? Barafu si ile ya kwenye friji? Barafu si zile za mifuko, za ubuyu na za maziwa, alizokuwa anauza mama fulani pale njia panda na kibao chake barafu zinauzwa hapa? Sasa zimeanguka kutoka wapi?

Mke wangu naye akaingia. Yeye ni Mkenya wa Nyahururu na ana kesi yake ya siku nyingi, anasema ameona theluji kabla yangu mimi, Septemba 2008 pale Busara jirani na kwao, kilima kizima kiligeuka cheupe watu wakatoka na ndoo wanachota, watoto wanarushiana. Na kweli ile habari ilienda dunia nzima. Lakini watu wa hali ya hewa walisema ile ni mvua ya mawe iliyolundikana, sio theluji, nami nimemwambia hivyo tangu tuoane na hatukubaliani. Jumamosi ile nikamwambia haya, toka nje ushike, kisha uniambie kama yale ya Busara yalikuwa laini hivi. Akatoka. Akarudi. Akasema yale yalikuwa yanagonga bati. Nikashinda, mara ya kwanza kwenye ndoa hii, naomba hilo msilikate.

Binti yangu wa miaka kumi na tatu, huyu ndiye anayenisumbua, akasema lakini baba kimsingi theluji ni barafu. Na kwa sayansi yake yuko sahihi, kule mawinguni mvuke unaganda moja kwa moja bila kupitia maji, unatoka kipande chenye pembe sita, vipande vinashikana vinashuka, kwa hiyo kila chembe ni barafu ndogo. Nikakosa jibu. Bibi ndiye kanitoa, kasema ugali nao ni unga, mbona hujawahi kusikia mtu anasema jana tumekula unga?

Halafu ili kumaliza ubishi kachukua sufuria kubwa, lile la pilau, kalijaza theluji mpaka juu kaliweka jikoni. Tukasimama wote tunaangalia. Ikashuka, ikashuka, mwisho yakabaki maji ya kufunika kitako tu, na ndivyo ilivyo, kwa kukadiria sentimita kumi za theluji zinakupa sentimita moja ya maji, kilichobaki chote ni hewa. Ndio maana ni laini, ndio maana inameza sauti, ndio maana mtoto anaangukia mgongo anacheka. Bibi alitaka achemshie chai mke wangu akakataa, kasema imepita kwenye moshi wa magari, ikamwagwa.

Sasa Mhariri mimi sitaki kuwaonea. Nilikaa nikafuatilia na nimeona kosa sio lenu peke yenu. Neno barafu tumelitoa kwa Waajemi, na kwao barf ni hiihii inayoanguka. Neno theluji tumelitoa kwa Waarabu, na Mwarabu anaita thalj hii ya kuanguka na ile ya kwenye glasi ya juisi yote sawa. Kwa hiyo waliotuletea maneno wenyewe hawakututenganishia, ni Waswahili waliokaa nayo mawili wakayagawia kazi, hii ya kushuka ikaitwa theluji na ile iliyoganda ikawa barafu, na huo ni ujanja mkubwa wa lugha yetu, kwa nini tuutupe. Wenzetu wa Makete na Njombe wana hata la tatu, ule weupe wa asubuhi mwezi wa sita na wa saba unaounguza viazi wanauita sakitu, haudondoki popote, unajitengeneza kwenye majani palepale. Na mvua ya mawe ni ya nne. Hata mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouona weupe wa Kibo, tarehe 11 Mei, kiongozi wake wa safari alipoulizwa ule ni nini alijibu tu baridi. Baridi! Jibu zuri kuliko yote ila ndio hivyo, Rebmann akaandika kuhusu ule weupe, na bado London kulikuwa na msomi anaitwa Cooley aliyekataa miaka na miaka kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Bibi nilipomsimulia kauliza huyo Cooley alishafika Marangu? Nikamwambia hakufika. Basi, kasema, akaendelea na mtori.

Kwa nini nang'ang'ana na neno moja? Hapa ndipo mniangalie vizuri.

Novemba 2010, mwezi wangu wa kwanza huku, theluji ilianguka, ya kwanza maishani mwangu. Kijana niliyekuwa nakaa naye, Mtanzania mwenzangu na sitamtaja, akaniamsha twende nje tuone barafu. Tukatoka, tukarushiana, nikajitupa chali nikapigwa picha nikaituma nyumbani, nikaandika niko kwenye barafu. Siku mbili baadaye nawahi kazini asubuhi yule kijana kanipigia simu kutoka barabarani, kaniambia angalia bwana kuna barafu nje. Mimi kichwani barafu ni ile ya juzi, ya kujitupa chali. Nikatoka nacheka, nikashuka ngazi mbili mbili. Ngazi ya tatu sikuiona tena, niliona anga. Kifundo cha mkono kikavunjika, nikafungwa hogo la plasta wiki sita, kazi nyingine nikaipoteza na bili ya hospitali nililipa mpaka mwaka wa pili.

Angesema theluji ile siku ya kwanza na barafu ile siku ya tatu, ningeelewa hivi ni vitu viwili.

Kwa sababu inavyokuwa ni hivi. Theluji inaanguka, tunaifurahia. Mchana jua linatoka kidogo, joto linapanda nyuzi moja mbili juu ya sifuri, theluji ya kwenye paa inaanza kudondoka matone, inatiririka njiani, iliyokanyagwa inakuwa chepechepe, nyumbani wanangu wanaiita uji. Jioni baridi inarudi, uji unaganda, matone yanaganda, na kufika alfajiri njia ya kwenda kwenye gari imekuwa kioo. Na hakina rangi hicho kioo, unaona lami safi kabisa unajiona umebahatika hapa hapana kitu, kumbe ndipo penyewe. Wengi wanaiita barafu nyeusi, wanangu wanaiita barafu mwizi. Madarajani ndio inatangulia maana upepo unapita juu na chini. Na usidhani siku za baridi kali ndio mbaya zaidi kwa kuteleza, Januari 2019 hapa ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri na mguu ulikuwa unashika vizuri tu, balaa ni ile ya karibu na sifuri ambapo juu ya barafu kuna utando wa maji.

Na hivyohivyo ikatokea safari hii. Jumamosi ilipopoa nilichukua koleo nikasafisha njia ya mbele ya nyumba, huku sio hiari, halmashauri ya jiji inakupa saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka uwe umesafisha sehemu ya wapita njia, na wakitangaza dharura ya theluji kuna ratiba ya siku tatu ya wapi usiegeshe gari, siku ya kwanza barabara kubwa, ya pili upande wa namba shufwa, ya tatu upande wa witiri, ukichanganya wanalivuta gari lako. Unazoea. Bibi alikaa dirishani akihesabu magari ya kukwangua yakipita, yeye anayaita magreda, wa kati akamwambia huku jimboni wananchi wanapiga kura kuyapa majina ya utani, Bibi akauliza na wabunge je wanawapigia kura pia au hiyo nguvu yote inaishia kwenye greda.

Jumapili asubuhi tunaenda ibadani. Nikamshika mkono mlangoni nikamwambia Bibi leo sio ile ya jana. Leo ni barafu. Akatazama chini, akasema sioni kitu. Nikamwambia ndiyo hiyo. Nikamfundisha kutembea kama tunavyowafundisha wazee wetu kazini, hatua fupi, nyayo zote chini, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko, huku wanasema tembea kama pengwini na yeye pengwini hamjui, mdogo akamwonyesha kwa vitendo, kasema aah, kama bata. Basi tukatoka mabata sita mpaka kwenye gari. Kazini kwangu nawaona kila mwaka walioanguka mara moja tu, mzee anayetembea mwenyewe anaingia na nyonga iliyovunjika, na wengine hawasimami tena. Huyu wangu ana miaka sabini na nne. Sikupumua mpaka nilipomfungia mkanda.

Tuliporudi nikamkuta yuko kwenye ngazi anamwaga chumvi ya mezani, ile ya kupikia, kopo zima. Nikambembeleza. Kwanza chumvi ikishakuwa baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri inapoteza nguvu, pili watu wa mazingira wa jimbo wanatuambia kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji moja kwa moja, na chumvi yote inaishia kwenye maziwa, na huku maziwa ndio kila kitu. Tunatumia mchanga siku hizi. Kasema mchanga mngesema mapema, kwetu upo wa bure.

Na hayo maziwa ndio yananifanya niwaombe kwa nguvu zaidi. Mjini kwetu kuna maziwa katikati ya mitaa, Novemba hii yameanza kuganda kingoni, utando mwembamba, halafu theluji imeanguka juu yake. Ukitazama unaona uwanja mweupe wa mpira. Tena ile theluji inakuwa kama blanketi, inazuia baridi isifike chini, kwa hiyo barafu ya chini inachelewa kukomaa huku juu panaonekana pako tayari. Idara ya maliasili ya jimbo inasema mtu kutembea kwa miguu asubiri angalau inchi nne za barafu ngumu safi, na bado wanasema hakuna barafu ya kuaminika kabisa. Sasa kuna familia zilizofika huku miaka iliyopita kutoka Kigoma kwenye kambi za wakimbizi, Wakongo na Warundi, Kiswahili ndio lugha wanayoelewana nayo na wenyeji wao wa kwanza, na wengi wanasoma magazeti ya nyumbani kama mimi. Mama anamwambia mwanawe usicheze kwenye barafu. Mtoto ameona gazetini na kwenye picha za ndugu zake barafu ndio ile watu wanachezea. Huyo mama atatumia neno gani lingine?

Ninachoomba ni kidogo. Ikianguka, laini, nyeupe, andikeni theluji. Ikiganda, andikeni barafu. Na mkiwa na nafasi mara mojamoja wekeni na picha ya hiyo ya pili, najua haina mvuto, ni njia tu ya kawaida yenye mng'ao, hakuna atakayeipenda.

Jioni ile Bibi kampigia dada yake Marangu kwa video. Dada mtu kauliza enhe, tunasikia huko barafu imeanguka? Nilikuwa nimekaa karibu, nikasubiri. Bibi kamgeuzia simu dirishani, kamwonyesha yule mtu wa gunzi, kaongea Kichaga kirefu sana, mimi nikashika maneno machache, lile la unga na lile la kufa mkononi. Mwisho kwa Kiswahili kasema, "Nimeishika, dada. Nikirudi nitaitazama Kibo vingine."

Wako msomaji,
Baba wa Watatu,
Minneapolis, Minnesota

Nyongeza: nimemaliza kuandika saa hii greda limepita na kurundika tuta lote kwenye njia yangu ya kutolea gari, mahali palepale nilipotoka kusafisha. Mke wangu anasema niache simu nichukue koleo.